Sumu Aliyoiogopa Dada

Mimi si mtu wa kukaa kwenye benchi nikatulia. Siku za kliniki, nikimsubiri dada yangu mkubwa hospitalini Biharamulo, nilizunguka uani mpaka mlinzi akaniuliza kama mgonjwa ni mimi.

Dada alikuwa amefiwa na mtoto mchanga. Baada ya msiba akaanza kusema nyumbani kwetu Keza kuna sumu. Hapiki, hali, hata maji hampi mtu. Alisikia sauti zikimkataza kugusa chungu. "Sumu iko wapi, dada? Nionyeshe basi!" Ndiyo kwanza anajikunyata. Alikonda, nami nikaogopa kwamba tutazika tena.

Daktari alimwandikia vidonge, vikamsaidia kulala. Lakini mwanasaikolojia, mama mmoja mpole kupita kiasi, alikuwa anakaa naye kila wiki, anamsikiliza tu bila kumbishia. Siku moja dada alikubali niingie. Nikamsikia yule mama akimuuliza, "Hiyo sumu ni ya nani?"

Jamani! Nilipandwa na hasira. Si anamchochea huyu? Nikafungua mdomo, yule mama akaniinulia kiganja. Mguu wangu ukawa unacheza wenyewe chini ya kiti.

"Ni yangu," dada akasema mwishowe. "Imo kwenye maziwa yangu. Mtoto alinyonya, akafa."

Muda wote ule nilidhani anatuogopa sisi. Kumbe alikuwa anatulinda, asituue na sisi. Nililia pale pale, mimi ninayejidai jasiri. Yule mama hakumwambia anakosea. Alimuuliza mtoto alipenda kubebwa vipi, na dada akaonyesha kwa mikono.

Wakaendelea hivyo, vidonge na mazungumzo, wiki nzuri na wiki mbaya. Nikiuliza atapona lini, naambiwa nisubiri. Kusubiri! Mimi!

Jumapili moja nimetoka misani, nikamkuta dada nyuma ya nyumba anakamua ndizi mbivu kwa majani. Akajaza juisi kwenye kibuyu. Kwetu mwenye kukaribisha huonja kwanza, ndipo ampe mwenzake, ajue ni salama. Dada alionja. Akasimama ananitazama, anangoja limpate la kumpata. Halikumpata lolote. Akanipa.

Nilikunywa kwa pupa, bila kupumua, ili aone.

"We! Niachie na mimi," akasema. "Nina njaa."