Dozi ya Mwisho ya Bi Sindano

Shangazi yangu alichanja wanyama wa watu kwa miaka ishirini na sita, na mtaa mzima ulimwita Bi Sindano. Hakuwa daktari. Alikuwa mchanjaji wa ofisi ya mifugo, mwanamke mfupi mwenye viatu vya mpira na boksi la barafu begani, anayegonga geti na kusema, "Leteni mbwa, leteni paka, na wewe unayejificha nyuma ya mlango sijakujia." Nimeona mbwa wakali wakinywea mbele yake. Nimeona pia watu wazima wakiikimbia sindano yake, na mmoja wao nilikuwa mimi.

Nyumbani alikuwa na paka mmoja, dume la kijivu lililoitwa Bosi kwa sababu halikuwa na kazi na lilitaka kuhudumiwa. Bosi alilala kitanda kimoja na mjukuu wa shangazi, binti wa miaka saba, kila siku ya Mungu.

Jumamosi moja asubuhi nilipita kuwasalimu, nikamkuta Bosi sebuleni anamchezea popo. Popo alikuwa nusu mzima, anapigapiga bawa moja sakafuni. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilimshika kwa vidole vitupu nikamtupa kwenye shimo la takataka lililokuwa linawaka nyuma ya nyumba. Nikarudi ndani nimevimba kichwa, nasubiri kushukuriwa.

Shangazi alipoisikia habari hiyo alinikamata mkono akanipeleka bombani. Sabuni, maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani.

"Popo mwenyewe yuko wapi?"

"Nimemchoma, shangazi."

"Umemchoma." Alifumba macho. "Popo anayegaagaa sakafuni mchana huenda ni mgonjwa. Angepimwa, tungejua. Sasa itabidi tuchukulie kwamba alikuwa na kichaa, na wewe unakwenda hospitali kuchanjwa leo hii."

"Si ni kichaa cha mbwa?"

"Jina hilo popo hajalisoma."

Nikamwambia basi angalau Bosi hana neno, paka wa mchanjaji. Alifungua droo, akatoa kadi ya Bosi, akaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma tarehe moja. Chanjo ilikuwa imekwisha muda zaidi ya miaka miwili. Kila mzunguko wa kuchanja mtaani alimwekea Bosi dozi ya mwisho ya siku, na kila mzunguko, wakati anafunga boksi, alitokea mtu anahema na mbwa wake kwenye kamba. Dozi ikaenda kwa mbwa huyo. Bosi akaambiwa mzunguko ujao. Mganga hajigangi.

Paka mwenye chanjo angechanjwa tena na kuangaliwa nyumbani wiki chache. Asiye na chanjo huchanjwa, kisha hufungiwa peke yake miezi minne, au huuawa siku hiyohiyo. Mjukuu alikuwa ameshaanza kulia, maana alikuwa ameambiwa asimguse Bosi. Ndipo nilipofungua mdomo wangu.

"Kadi tupu unazo humo, shangazi. Muhuri unao. Andika mwaka jana, yaishe. Kalamu hii hapa."

"Bibi, andika," mtoto akasema.

Shangazi hakuigusa kalamu. "Watu wanaziamini kadi zangu kwa sababu naziandika mimi," alisema. "Nikidanganya moja, nani ataamini zilizobaki?"

Alimpigia simu daktari wa mifugo mwenyewe. Kisha akatoka, geti kwa geti, akiwaambia majirani: paka wangu sikumchanja, kosa ni langu, watoto wasisogee kwenye stoo nitakamomfungia. Kuna waliocheka. Watu hawakosi neno.

Stoo ikawekwa mlango wa wavu ndani na wa mbao nje. Shangazi peke yake ndiye aliyemlisha Bosi, akisukuma bakuli kwa fimbo kupitia uwazi wa chini. Mjukuu aliacha kusema na bibi yake. Alikula akitazama ukuta, akaaga kwenda shule kwa kuiambia meza. Niliona jinsi ilivyomuuma shangazi, na bado ufunguo wa stoo haukutoka shingoni mwake. Mimi huku nilizimaliza sindano zangu zote, bila kukimbia.

Wiki ya tisa Bosi alikataa chakula. Sauti ikamkauka, udenda ukamtoka, akaung'ata wavu mpaka akatoka damu mdomoni. Daktari alikuja na glovu nene na dawa ya kumlaza asiamke tena. Shangazi alikaa nje ya mlango juu ya ndoo iliyofunikwa, akimsemesha Bosi maneno madogomadogo ya kila siku, mpaka daktari akasema imekwisha. Alilia bila kujifuta. Nampenda mwanamke yule, na siku hiyo nilimheshimu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua.

Majibu ya maabara yalirudi: kichaa.

Mjukuu alisikia tukizungumza. Alikuja jikoni akasimama karibu na bibi yake, akauliza kwa sauti ya chini:

"Bibi, ungeandika ile kadi, Bosi asingekufa?"

"Angekufa vilevile, mama. Ila angekuwa kitandani kwako."

Mtoto aliitazama miguu yake. Kisha akapanda mapajani kwa bibi yake, na mimi nikatoka nje.