Maua ya Bluu ya Ijumaa

Kama kuna kitu kinachonichosha, ni ua la asubuhi. Sisemi la bustanini. Nasema lile la kwenye simu: waridi kubwa linalometameta, kikombe cha kahawa pembeni, na maandishi ya kukutakia siku njema. Jumatatu linakuwa la njano, Jumatano la kijani, Ijumaa la bluu, kila siku na rangi yake. Huku kwetu Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, ukitumiwa ua usirudishe, utasikia sokoni kwamba siku hizi unajisikia.

Simu yangu ni ya vitufe, kwa hiyo mimi nilipona. Dada Buakham hakupona.

Dada Buakham ni mpishi mkuu wa shule yetu, na mimi namwoshea masufuria mwaka wa kumi na moja huu. Ana miaka hamsini na sita. Aliishia darasa la sita kwa sababu shamba la mpunga la baba yake lilihitaji mikono, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Mwaka jana ikaja barua: kuanzia mwaka wa masomo ujao, mpishi mkuu lazima awe na cheti cha darasa la tisa. Asiye nacho atabaki msaidizi, na mkuu ataletwa kutoka nje. Ameshalisha watoto, na watoto wa watoto hao, halafu leo wanamdai karatasi!

Akajiandikisha elimu ya watu wazima. Zamani ilikuwa mnakwenda Jumapili, mnakaa kwenye viti, mnamwona mwalimu. Siku hizi darasa lenyewe ni simu. Masomo yamo humo, majaribio yamo humo, na Mwalimu Orathai, msichana ambaye angeweza kuwa binti yangu, naye yumo humo. Dada Buakham akapata simu iliyotumika kutoka kwa mpwa wake. Nilimwona akichambua mboga huku ameiegemeza simu kwenye chupa ya mchuzi wa samaki, anarudia asilimia kwa sauti kama mtoto. Alifaulu yote. Ikabaki kazi moja ya mwisho: video ya dakika tatu, mwanafunzi aeleze kazi anayoifanya na sayansi iliyomo ndani yake. Mwisho wa kuituma, Ijumaa saa kumi jioni.

Alichagua chipukizi za mianzi: kwa nini huchemshwa mara mbili, na kwa nini maji ya kwanza humwagwa. Alhamisi, watoto walipokwisha kula, nikashika simu.

"Haya dada, anza."

"Jina langu ni Buakham. Leo nitaeleza sumu iliyo ndani ya..."

Simu ikazima video. Imejaa. Tukajaribu tena, ikakata akiwa hata hajafika kwenye jina.

"Imejaa nini? Mimi sijapiga picha hata moja," akasema.

Tukafungua. Maua! Maua zaidi ya elfu tatu. Kundi la darasa lina watu thelathini na wawili, kila mmoja anatuma ua alfajiri, na kila mmoja anawajibu wenzake. Na katikati ya maua, picha za Buddha ambazo mtawa mkuu wa hekalu letu humtumia kila siku bila kukosa.

"Futa," nikamwambia.

"Nifute Buddha? Una akili wewe?"

"Hiyo ni picha tu, dada."

"Na ile ya ukutani kwako si picha? Utaitupa jalalani?"

"Ya ukutani kwangu hainizuii kupata cheti!"

Akaninunia mpaka tukafunga jiko. Nilikwenda nyumbani nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani.

Ijumaa tulipika mpaka saa sita, tukapakua, tukaosha. Saa saba akanijia mwenyewe, simu mkononi, na kijiti cha ubani.

"Futa maua kwanza," akasema. "Labda yatatosha."

Hayakutosha. Basi akawasha ubani karibu na gunia la mchele, akapiga magoti kwenye sakafu yangu mbichi, akakutanisha viganja, akaomba msamaha mara moja kwa ajili ya picha zote. Kisha akageuza uso ukutani.

"Bonyeza upesi, nisione."

Nikabonyeza. Na ile video, mngeiona! Alisimama na mwiko kama daktari, akaeleza sumu, akaeleza moto, akaeleza kwa nini sufuria isifunikwe. Hakukwama hata pumzi moja. Nilijisikia fahari mpaka nikataka kupiga makofi, nikajikemea nisiharibu picha. Saa nane na nusu akaituma kwa mwalimu. Akanipiga kwa mwiko begani akicheka, akasema sasa nizoee kumwita msomi.

Simu ikalia. Alikuwa Mwalimu Orathai, na dada akaweka sauti ya juu ili nami nisikie sifa.

"Shangazi Buakham, video yako nimeiona. Nzuri sana, shangazi. Lakini mfumo wa kupokea kazi ulifungwa saa sita mchana."

"Saa kumi, mwalimu. Ulisema saa kumi."

"Wakubwa walibadilisha jana jioni. Leo asubuhi niliandika kwenye kundi."

"Sikuona, mwanangu."

Mwalimu akashusha sauti.

"Shangazi, wewe ndiye uliyenijibu wa kwanza. Nikajua umeelewa."

Akaomba radhi mara nyingi, akasema amewapigia wakubwa wamekataa, na nafasi nyingine ni baada ya miezi sita. Mpishi mpya anakuja mwezi ujao.

Tulipandisha kundi juu, maua baada ya maua, bluu tupu, mpaka tukaukuta ujumbe. Mistari miwili mifupi: mwisho ni saa sita mchana leo. Chini yake palepale, kabla ya mtu mwingine yeyote, ua la okidi la bluu kutoka kwa Buakham: asante mwalimu, uwe na siku njema. Alikuwa amelituma akiwa bado kitandani, bila miwani. Nilitaka kuitupa simu ile ndani ya sufuria ya mafuta. Yeye alifunika chungu cha chipukizi, akafua kitambaa cha meza, akaenda nyumbani.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwake kumtazama. Alikuwa kizingitini anamenya vitunguu saumu, na simu iko pajani inalia mfululizo. Zambarau leo. La mwalimu nalo lilikuwamo.

"Dada, leo usijibu. Siku moja tu."

"Watasema nimenuna."

"Si umenuna kweli?"

Alivaa miwani, akapandisha kundi taratibu mpaka yalipoanzia maua ya siku hiyo, akashuka akisoma kila moja kwa kidole, na akarudia kutoka juu.

"Hakuna kitu," akasema. "Ni maua tu."

Ndipo akachagua lake, la zambarau, kubwa kuliko yote, akalituma.