Waya wa Pasi

Fundi wa simu hapa Namatala anapoyeyusha risasi ya kuungia nyaya, mimi husimama mlangoni kwake hadi moshi uishe, hata kama sina simu ya kutengeneza.

Moshi huo niliujua Jinja, kwenye nyumba za askari, siku ya harusi ya mama mdogo. Spika tulikuwa tumeazima, lakini haikuwa na waya wa kuiunganisha na redio, na ule wa dukani ulikaribia bei ya nyama yote ya karamu. Mama akakata waya wa pasi ya umeme iliyoungua. Akapasha msumari kwenye sigiri ya makaa, akaunga plagi kuukuu ya redio kwenye waya huo kwa risasi.

"Mama, leo utazipiga nyimbo pasi?" jirani yetu, afande mmoja, akamcheka.

Tulipowasha, spika ikanguruma tu. Wageni wakaguna. Bibi harusi akainamisha uso. Mama akafungua plagi, akaona nyuzi mbili zimegusana, akazitenganisha kwa kipande cha kaveera, mfuko wa plastiki.

Muziki ukalipuka hadi mabati yakatetemeka. Bibi harusi akaruka na shela lake.

"Afande!" Mama akapaza sauti. "Lete sasa hilo shati nilipige pasi!"

Afande akalivua kweli, akalipunga juu, akawa wa kwanza kucheza. Mama akacheka, kidole kilichoungua kwa msumari kikiwa mdomoni.