Sehemu ya Pili ya Wapenzi wa Karatasi

Nyakati zile za Zaïre nilikuwa nafundisha kushona na kuchora katika shule ya wasichana ya parokia, kule Kadutu, mjini Bukavu. Nikitoka kazini nilichora wapenzi wa karatasi. Binamu yangu, tuliyeishi naye kwa shangazi, ndiye aliyewapa sauti. Tulibandika karatasi kwa uji wa muhogo mpaka zikawa utepe mrefu, tukauzungusha kwenye vijiti viwili ndani ya sanduku lenye dirisha, taa ikiwaka nyuma. Macho ya msichana yalijifumba na kujifumbua ukivuta kipande cha karatasi. Kadutu nzima waliliita sanduku hilo sinema.

Hadithi ilikuwa ya fundi wa saa mwenye haya, anayempenda msichana anayeuza mandazi mbele ya mlango wake. Kila akitaka kumwambia kunatokea jambo. Mvua inanyesha, mbuzi anakimbia na mandazi, au baba wa msichana anapita amevaa abakosti mpya, lile vazi la taifa la wakubwa, anateleza na kuanguka matopeni. Sehemu ya kwanza iliishia fundi akiwa amefungua kinywa, neno halijatoka. Ukumbi wa parokia ulilipuka kwa kelele. Padri akatuomba sehemu ya pili, na kwa furaha yake akabandika tangazo mlangoni lenye neno moja kubwa la Kifaransa, akimaanisha picha zinazotembea: ANIMATION.

Neno hilo lilikuwa na mwenyewe. Animation ilikuwa zile nyimbo na ngoma za kukisifu chama tawala, tulizochezeshwa uwanjani tukitaka tusitake. Asubuhi moja, nikiwaonyesha wasichana namna ya kukata kola, mtu wa chama alisimama mlangoni pa darasa. Wasichana waliinama wote juu ya vitambaa vyao.

“Sitwayeni,” akaniita, yaani raia, kama chama kilivyoagiza, “ni weye uko nafanya animation kwa padri?”

“Ni michoro tu, papa. Ya kuchekesha.”

“Animation iko ya chama. Na ule muzee mwenye alianguka mu matope na abakosti, ni nani?”

“Ni baba ya musichana.”

“Musichana gani?”

“Wa karatasi, papa.”

Hakucheka. “Siku ya dimanshi nitakuja na bibi yangu. Nitaangalia yote.”

Alipoondoka nilijichoma sindano na sikusikia maumivu.

Nilianza kuchora sehemu ya pili kwa woga, na mwoga hurudi njia anayoijua. Nikachora mvua tena, na mbuzi tena. Binamu yangu aliutazama utepe ule mpaka mwisho, uso mkavu.

“Yaya,” akaniita, maana mimi ni dada mkubwa kwake, “mbuzi tena? Mara ya mbele bantu balicheka juu balikuwa nangoja neno. Fundi asiposema na leo, watazani iko bubu.”

“Akisema, hadithi imekwisha.”

“Akisema ndiyo ataogopa kabisa! Si atapashwa kwenda kwa baba?”

Niliijua hofu ya kwenda mbele ya mkubwa. Nilikuwa naishi nayo. Basi fundi wangu akatamka penzi lake kwenye mchoro wa kwanza kabisa, na baadaye nikampa hofu yangu yote: kinywa kikavu, safari za chooni zisizokwisha, kuruka kila mlango ukilia. Abakosti ilitutesa zaidi. Nilitaka kumvua mzee, lakini binamu alisema watu wangeuliza nguo imekwenda wapi, na hapo tumekwisha. Mwishoni tulimlaza kitandani, mgonjwa wa mafua ya matope yale, blanketi mpaka kidevuni.

Jumapili ilipofika tuliziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi. Yule mtu alikaa mstari wa mbele, mke wake pembeni. Fundi aliposema “Ninakupenda,” wanawake wakapiga vigelegele. Walicheka alipojificha nyuma ya beseni la mandazi, na msichana alipomsukuma mgongoni kwenda kwa baba. Mimi nilisikia mlio mmoja tu, kiti cha yule mtu kikilia kila alipojigeuza. Mkono wangu ukazungusha kijiti haraka mno. Utepe ukakatika pale pale baba alipotokea. Kwenye dirisha la sanduku pakabaki mwanga mtupu.

Nilitaka kukimbia. Ndipo binamu yangu, gizani, akakohoa kizee.

“Mungoje kwanza! Siko na nguo!”

Hilo ndilo neno tulilokuwa tumelificha chini ya blanketi. Lakini mwanamke mmoja alicheka, peke yake, kwa sauti nyembamba. Alikuwa mke wa yule mtu. Ukumbi mzima ukamfuata, na binamu akaendelea, mara kwa sauti ya mzee, mara ya fundi.

“We fundi, unamupenda mutoto yangu?”

“Ndiyo, papa.”

“Na asubuhi nani atanipatia mandazi?”

“Tutakuja kukaa kwako, papa.”

“Ah! Basi heri matope!”

Wakati wanacheka nilichomoa pini kwenye kola yangu, nikaunganisha utepe, na picha zikaendelea mpaka mwisho, ambapo harusi ilikuwa bado haijafika.

Watu walipotoka, yule mtu alikuja nyuma ya sanduku. Aliuchomoa utepe, akaukunja taratibu.

“Hii itabakia na miye.”

“Ndiyo, papa.”

“Na harusi?” mke wake akaniuliza. “Balioana?”

Mumewe alimtazama tu. Wakaondoka.

Majuma yaliyofuata kila gari lililopunguza mwendo mlangoni kwetu lilinipeleka dirishani kuchungulia. Shangazi alitufungia nguo katika kikapu, tayari kwa kukimbilia kwa ndugu zake Kamanyola. Padri alilitoa lile neno mlangoni na kuandika “Picha za Kuchekesha”, herufi ndogo. Hakuna aliyekuja kutuchukua. Utepe nao haukurudi, na mpaka leo sijui kama ulichomwa au uliwekwa mahali.

Shangazi alitukataza kuchora, tukatii kwa muda mrefu. Lakini bombani wanawake walinishikia ndoo wasiniachie: wale wameoana, au hawajaoana? Niliangalia nyuma kwanza. Kisha nikawajibu kwa sauti ya chini kwamba wameoana, wanakaa kwa mzee, na kila asubuhi wanagombania mandazi.