Vidonge vya Wifi Kwenye Pindo la Kanga

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alijikata mguu kwa jembe tukipalilia ufuta, huko Miteja. Majina ya wote waliokuwa shambani siku ile ninayo kichwani, mpaka ya watani waliopita njiani wakacheka, lakini nikiyaandika nitagombana na nusu ya kijiji.

Mguu ukavimba. Zahanati wakampa vidonge vya rangi mbili, ameze mpaka viishe. Uvimbe ulipoanza kushuka, akavifunga vilivyobaki kwenye pindo la kanga.

"Wifi, mbona humezi?"

"Nimeze nini, nami nimepona? Hii akiba."

Akiba yenyewe akawa anaigawa. Aliyekohoa alipewa kimoja, aliyeumwa jino kimoja. Hata jogoo wake aliyesinzia alifunguliwa kimoja akatiwa unga mdomoni.

Uvimbe ukarudi na usaha, safari hii mguu umejaa mpaka kidole kimeanza kuwa cheusi. Na mjukuu wetu, mwali, alikuwa karibu kutolewa ndani, na kungwi wa kumchezea ngoma ni wifi. Kungwi wa mguu mmoja nani amemwona?

Nikamrudisha zahanati. Tabibu, kijana mpole, akaukamua mguu, akausafisha, akasema, "Bibi, tukichelewa kidole hiki kinakatwa. Dawa ile inawapata wadudu wakiwa wanakua, wanapojijenga. Waliolala haiwapati vizuri. Ukiacha mapema wanaamka, wanazaana, na wakishajaa hivi dawa inaelemewa."

"Basi mwanangu, nipe kwanza dawa ya kuwaamsha!"

Tabibu akacheka mpaka akaweka mkasi chini. Mimi sikucheka. "Wifi, ufuta wako unaupalilia mara moja? Magugu yaliyoota unayang'oa, na mbegu zilizolala chini, je?"

"Zinaota mvua ikinyesha."

"Ndio hao wadudu wako!"

"Shamba ndilo lina magugu, wifi. Usinitukane."

Lakini alikuwa ameelewa, kwa sababu aligeuka mwenyewe kungoja sindano.

Akachomwa sindano, akapewa vidonge vingine. Kila saa ya dawa nilimwambia, "Panua mdomo, nyanyua ulimi." Akaniita askari magereza. Kidole kikasalimika, ngozi mpya ikaanza kuja.

Kidonge cha mwisho kikaangukia siku ya kumtoa mwali. Ngoma zimeshapashwa moto, wanawake wamejifunga vibwebwe, wifi akasimama katikati akakimeza mbele yao wote. Tabibu alikuwa amekuja kula pilau. Akainama kuutazama mguu.

"Umepona, bibi."

"Wamekufa wote? Walio macho na waliolala?"

"Natumaini, bibi."

"Natumaini siyo jibu," akasema wifi, akavua kandambili. "Ngoja niwashindilie mwenyewe."

Akaingia uwanjani, na vumbi alilotimua likatuingia mpaka kwenye pilau.