Kidole Changu na Makaburi ya Ayalandi

Mara mbili jino "liliniuma" siku ya kuzungumza mbele ya darasa, na jino lenyewe ni zima kabisa. Mara ya tatu Miss, mwalimu wetu, akasema itabidi ampigie Mama simu kuhusu hilo jino. Mama ni nesi, meno yangu yote anayajua. Basi nikakubali kuzungumza.

Mada ilikuwa hadithi za kale za mahali popote. Kwa kuwa Miss anatoka Ayalandi, nikachagua makaburi ya zamani ya huko, eti nimfurahishe. Nilifanya mazoezi nyumbani kwetu, mtaa wa Al Mansoura huku ughaibuni, nikiihutubia friji. Friji ilinielewa vizuri.

Darasani nilibandika picha ya makaburi hayo ubaoni, nikaanza kwa sauti ya mbu. Nikasema hapo walizikwa watoto waliokufa bila kubatizwa, na kwamba ukikanyaga nyasi zake unapotea njia, hata kama lango unaliona, mpaka uvue koti, uligeuze ndani nje, ulivae tena. Wenzangu wakanisikiliza! Nikajiona mtangazaji wa redio.

"Sasa makaburi yako wapi kwenye hiyo picha?" akauliza mvulana wa nyuma.

"Pale," nikasema, nikinyoosha kidole. "Chini ya ule mti wa miiba."

Papo hapo nikamkumbuka shosho, bibi yangu aliye kule Kenya. Tangu nikiwa mdogo ameniambia ukilinyooshea kaburi kidole, kinaoza, na dawa ni kukiuma haraka. Kabla sijafikiri, kidole kilikuwa kinywani, nakiuma mbele ya darasa zima.

"Miss, huyu ana njaa!" yule mvulana akapiga kelele. "Mruhusuni akale!"

Wakacheka mpaka wengine wakalalia madawati. Nikajitetea, kidole kikiwa bado kati ya meno: "Ni kaburi! Nimelinyooshea kidole!" Utetezi huo ulizidisha mambo. Nikaanza kupima umbali wa mlango.

Miss hakucheka. Alisimama, akavua sweta yake, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena, lebo ikining'inia shingoni.

"Bibi yangu angenigombeza nisipofanya hivi," akasema. "Haya, endelea."

Nikaendelea mpaka mwisho, kidole kikiwa na mate. Wakati wa maswali, yule mvulana aliionyesha picha kwa kiwiko.

Nilipokuwa natoka, Miss akaniita mezani kwake. "Mama hatapigiwa simu," akaninong'oneza. "Kwa vile ulivyouma, naona jino limepona."