Kisigino cha Kankolongo

Kankolongo ni mtu wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Safari hii ya likizo mkewe Darlène alimwapisha: konje ni konje, nyundo inabaki nyumbani! Wakapanda na binti yao Mbuyi hadi mji wa mlimani, kwenye hoteli kongwe ya enzi za Wabelgiji.

Mbuyi akakimbilia roshani kutazama milima. Baba mtu, loo! Akakunja zulia la chumba, akavua kiatu, akagonga sakafu kwa kisigino cha kiatu hicho na kutega sikio.

"Papa Mbuyi! Unatupatisha haya!" Darlène akafoka.

"Mi nasikiliza tu, mama. Hapa chini kuko kitu."

Mara mlango ukafunguka. Meneja na tai yake shingoni akamkuta mgeni amelala kifudifudi, shavu sakafuni. Darlène akaanza kufungasha nguo.

Meneja akafunga mlango polepole, akachuchumaa.

"Tata, unatoka Kasulo?"

"Ndiyo, tata."

"Hata mi. Hapa nilishaka gonga, hakuna kitu. Kuja mu biro, mu ofisi yangu. Na kiatu acha, niko na nyundo."